Tupeane uzoefu: ndoto ya kazi ya utotoni na jambo ulipendalo vimekufikisha wapi?

Mwanzilishi wa mada, Tanga

Ndugu zangu, habari za kazi. Vijana wamekuwa wakiniuliza maswali mawili: nilitamani kuwa nani nilipokuwa mdogo, na nikitoka kazini hujishughulisha na nini. Nitayajibu yote mawili, nanyi mlete visa vyenu, kwa sababu maisha ya mtu mmoja hayatoshi kumwongoza kijana.

Nilitaka kuwa daktari. Kidato cha tano nilichukua Fizikia, Kemia na Biolojia, lakini matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Fizikia ilikuwa imeniangusha, nikajifungia nyumbani miezi kadhaa nikiona haya hata kutumwa dukani, mpaka mama mdogo aliponishawishi nianze cheti cha uhasibu. Leo nina miaka 14 katika kazi hiyo na ninaipenda kwa dhati, ingawa nikipita hospitali ya wilaya moyo bado hunishtuka kidogo.

Jambo nilipendalo ni kudarizi kofia za mkono, kazi niliyofundishwa na bibi yangu barazani. Kofia ina vipande viwili, cha duara kinachokaa utosini na kirefu kinachozunguka kichwa, na kila kitundu hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, hata kofia moja huweza kunimalizia jioni za miezi miwili. Mume wangu aliwahi kunishauri nitumie cherehani ili nipate nyingi za kuuza. Nilikataa, na hadi leo naona nilifanya vyema. Mkono uliozoea kuhesabu vitundu hauachi tofauti ya shilingi 200 ipite kwenye vitabu vya hesabu; hilo nimelithibitisha kazini mara nyingi.

Mchangiaji, Mwanza

Dada, shikamoo, na asante kwa mada. Mimi nilitamani uhandisi wa umeme, lakini Hisabati ya kidato cha nne ilinikataa, nikabaki na mapenzi yangu ya kufungua redio mbovu za majirani. Nilimfuata fundi mmoja wa mtaani, nikambebea mkoba miaka mitatu kwa nauli na chakula tu. Baadaye nilifunga umeme katika nyumba nyingi bila karatasi yoyote mkononi, na kila tenda ya maana ilinipita kwa sababu hiyo.

Kilichonitoa ni utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Mtathmini hukutazama ukifanya kazi, hukuuliza kwa nini umefanya hivyo, na unapopwaya hufundishwa kwa muda mfupi kabla ya kupewa cheti. Mimi nilipwaya kwenye ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja: nilikuwa nikichimbia fimbo yake ardhini na kuondoka, bila kupima kama kweli umeme ungepata njia ya kwenda chini. Nilipoelezwa, nilirudi kwa hiari yangu katika nyumba nilizozikumbuka, nikazipima moja baada ya nyingine. Vijana mnaojifunza kwa mafundi, ulizieni utaratibu huu mapema.

Mchangiaji, Mombasa

Kwangu mambo yalikwenda kinyume. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi niliyoiota tangu utotoni, na uraibu wangu ni kupiga picha. Nilipoanza kulipwa kupiga picha za harusi kila Jumamosi, kamera iligeuka mzigo. Nilikuwa nikiiona begani naanza kuchoka. Baada ya miaka miwili niliziacha harusi, na sasa hutoka alfajiri kwenda Mji wa Kale kupiga picha milango iliyochongwa, jua linapoipiga kwa ubavu na nakshi zake kutoa vivuli. Si kila unachokipenda kinafaa kutafutiwa mteja.

Mwanzilishi wa mada, Tanga

Marahaba, mdogo wangu wa Mwanza. Hapo pa kurudi kupima ethi nimepasoma mara mbili. Mwalimu, umenisemea yale niliyoshindwa kumweleza mume wangu kuhusu cherehani. Sasa nawasubiri wauguzi, wavuvi na wakulima, na zaidi ya wote nawasubiri waliokosa nafasi ya masomo waliyoitaka mwaka huu. Andikeni hata kama kisa chenu hakijafika mwisho.