Naomba ushauri: mifano ya kufundishia nadharia ya mifumo
Habari zenu wakuu. Nafundisha chuo cha kati, na muhula ujao nimepewa somo la nadharia ya mifumo (namna ya kuangalia kitu kizima na jinsi sehemu zake zinavyoathiriana) kwa darasa moja lenye wanafunzi wa uvuvi, uuguzi na uhasibu. Historia ninayo: Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia wa Austria, aliyesisitiza kwamba kiumbe hai hakieleweki kwa kukitenganisha vipande vipande, na Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1948 alieleza jinsi mrejesho (matokeo ya kitendo kurudi na kukiathiri kitendo chenyewe) unavyoongoza mashine na wanyama vilevile.

Ninachohangaikia ni mifano. Kwa wavuvi nina sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, baadaye akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo. Kwa kuwa ana mafuta mengi, haanikiki juani kama furu, hivyo watu wakakata kuni za kumkaushia kwa moshi. Samaki kaingia ziwani, miti ikapungua nchi kavu! Nimekulia kando ya ziwa hilo, mfano huu unanigusa sana.

Wauguzi nitawapa joto la mwili na jasho. Wahasibu je? Hapo nimekwama kabisa. Na nianze na michoro ya mizunguko ya mrejesho, au istilahi kwanza? Mliowahi kulifundisha somo hili, nisaidieni tafadhali.