Maiki ya kurekodi nyumbani: AT2020, SM58 au SM7B? Na dukani nijaribu nini?

Galatoni_Tanga:
Wakuu, salaam. Nataka kurekodi sauti ya kuimba na gitaa kavu nyumbani, Tanga mjini. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu, dirisha linatazama barabara. Intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ninayo, Focusrite Scarlett 2i2 kizazi cha 3. Nimebaki na tatu: Audio-Technica AT2020, Shure SM58 na Shure SM7B. Kila ninayemuuliza anasema kondensa (kama AT2020) inanasa hadi jirani akikohoa, bora dainamiki (kama hizo Shure mbili). Ni kweli? Muuzaji wa Kariakoo amekubali nizijaribu kabla ya kulipa, ila "hallo, moja mbili" naona haitanisaidia.

FundiMitambo:
Hilo la jirani linarudiwa kila mahali na limepotosha wengi. Zote tatu ni kadioidi, yaani zinasikia mbele na kupunguza nyuma. Ziweke umbali uleule kutoka mdomoni, sawazisha ukubwa wa sauti, utakuta mwangwi wa chumba unakaribiana. Kinachotokea ni kwamba dainamiki watu huimba wakiwa wameigusa kwa midomo, kondensa wanaiacha mbali, halafu lawama inaangukia kondensa. Ukisogea kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti yako inapanda karibu dB 6 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na mwangwi unabaki palepale. Hiyo ni faida ya bure.

SM7B kwa intafesi hiyo, hapana. Inatoa sauti ndogo mno (−59 dBV/Pa; namba ikikaribia sifuri, maiki inatoa sauti kubwa zaidi) na inahitaji geini, yaani kukuzwa sauti kwenye intafesi, ya dB 60 hivi, wakati 2i2 ya kizazi cha 3 inaishia dB 56. Utafungua kitufe mpaka mwisho, uambulie "shhhh" nyuma ya sauti. SM58 ina nafuu kidogo, −54.5. AT2020 ni −37, kwa hiyo geini unayoihitaji ni ndogo sana.

Kwa gitaa kavu mimi ningechukua AT2020 bila kujiuliza mara mbili. Ielekeze freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Usiielekeze kwenye tundu. Pale sauti inavuma karibu na Hz 100 na kuifuta baadaye ni kazi.

Mama_Mikisa:
Mdogo wangu, dukani nenda na laptop, intafesi na hedifoni zako mwenyewe, pamoja na waya mbili za maiki (XLR). Spika za dukani zitakudanganya.

Funga maiki mbili kwa pamoja, kila moja chaneli yake, vichwa vikaribiane kiasi cha sentimita 3. Imba mara moja zote zikinasa. Ukiimba mara mbili utakuwa unalinganisha uimbaji, si maiki. Angalizo: AT2020 unaiimbia ubavuni, upande wa mbele, si juu kama SM58. Wapo wanaoiimbia kichwani kisha wanailaumu kuwa imefifia. Washa 48V, umeme ambao intafesi huipelekea kondensa ili ifanye kazi; kwenye 2i2 swichi ni moja kwa chaneli zote mbili, na SM58 haitadhurika kama waya ni mzima.

Weka geini vilele vya sauti vifike dB −12 hadi −10 kwenye programu ya kurekodi, ukirekodi kwa biti 24. Kabla ya kusikiliza, sawazisha rekodi mbili hizo zisizidiane zaidi ya nusu dB. Hatua hii ndiyo wengi wanairuka: iliyo na sauti kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi, na muuzaji mjanja analijua hilo. Kisha mwambie mtu akubadilishie bila kukutajia ipi ni ipi.

Maneno ya kuimba: yenye p na b nyingi ("papa", "pembeni", "baba") uone kama upepo unapiga, na yenye s na sh ("sisi", "shusha") uone kama inachoma masikio. Tikisa funguo umbali wa mita moja. Mlio uwe mwembamba na safi, usiwe kama mchanga. Zungukia nyuma ukiendelea kuongea. Kadioidi nzima inakufifisha wazi. Isipofanya hivyo, irudishe.

Mwisho, nyamaza nusu dakika geini ikiwa vilevile. Ukisikia "mmmm" ya Hz 50, chomoa chaja ya laptop. Ikikoma, tatizo ni chaja au athi ya jengo, maiki haina kosa.

Sauti_Kavu:
SM58 za bandia zimejaa sokoni. Beba mzani mdogo wa jikoni: halisi ina gramu 298 bila waya. Uzito ukipungua sana, iache. Ukilingana bado si uthibitisho, maana nao wanaongeza vyuma ndani.

SM7B mtu anaweza kuiokoa kwa Cloudlifter CL-1, kikuza sauti kidogo kinachokaa kati ya maiki na intafesi, inaongeza hadi dB 25 kwa kutumia hiyo 48V. Lakini utakuwa umenunua vifaa viwili ili kufika ilipo AT2020.

Galatoni_Tanga:
Asanteni sana. Basi ni AT2020. Kuta nizibandike trei za mayai?

FundiMitambo:
Trei ni karatasi nyembamba, hazifyonzi kitu cha maana. Tundika blanketi mbili nzito nyuma YAKO unapoimba, si nyuma ya maiki, kwa sababu mbele ya maiki ndiko inakosikia. Ziache sentimita 10 kutoka ukutani. Vigae vifunike kwa zulia. Hayo yatapunguza mwangwi wa juu na wa kati. Besi blanketi haiwezi, kwa hiyo usikae katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Dirisha liwe mgongoni mwa maiki. Feni zima.

Mama_Mikisa:
Na kwa kuwa uko pwani: ukimaliza usiiache kwenye stendi. Ifungie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika. Kondensa ikiingia unyevu inaanza kutoa "tk, tk" kama mafuta kwenye kikaango. Ikikufanyia hivyo, ifungie na silika kavu siku nzima kabla ya kukimbilia kwa fundi, na kapsuli (sehemu ya ndani inayonasa sauti) usiipulizie mdomo wala usiipanguse.