Tupeane uzoefu: "kikombe kimoja" cha oti kimewahi kukuumbua?

Mama Vitafunwa: Heshima kwenu wakuu. Leo nimefungua resipi ya Kimarekani, mstari wa kwanza "vikombe 3 vya oti", moyo ukanidunda paa!

Kuna mwaka nilipata oda ya biskuti za oti, send-off ya watu wazito, vipande 180. Nikazidisha resipi mara nne, vikombe 12. Nikajifanya msomi: kikombe si mililita 250? Basi gramu 250. Nikaweka kwenye mizani kilo 3 kamili. Kumbe ilitakiwa kilo 1 na kidogo! Siagi yote ikamezwa, donge halishikani, nikaongeza maji, nikaongeza mayai, nikasali. Zilitoka kokoto za Kunduchi. Mama wa bibi harusi akauma moja, akaitoa mdomoni taratibu, akaifunga kwenye kitambaa, akaniangalia. Hakusema kitu. Bora angenitukana.

Mla Uji: 😂😂 Hela ulirudisha?

Dada wa Mabibo: Pole. Mimi hayo yalinikuta kwa unga wa ngano.

Fundi Oveni: Gramu 250 kwa mililita 250 ni maji hayo. Oti ndani ya kikombe nusu ni hewa. Zile bapa ni gramu 90 hivi, ukikitikisa kikombe na kushindilia unafika 100. Zile ngumu zilizokatwakatwa tu, kikombe hichohicho ni 160 na zaidi. Halafu kikombe cha Marekani ni mililita 237, cha Australia ndiyo 250.

Mla Uji: Sawa mwalimu. Hela je?

Kijana wa Ilala: Oti oti, si mseme shayiri tu?

Fundi Oveni: Shayiri ni ile ya kutengenezea bia. Nafaka mbili tofauti.

Kijana wa Ilala: Pakiti yangu imeandikwa shayiri.

Fundi Oveni: Aliyeandika naye kakosea.

Kijana wa Ilala: Haya, profesa wa uji.

Mjukuu wa Pangani: Acheni ugomvi. Bibi alikuwa akinituma mchele kwa jirani anasisitiza: umekopa kibaba cha tele, kilichorundikwa, utarudisha cha tele; cha mfuto, kilichosawazishwa juu, utarudisha mfuto. Ukileta mfuto kwa deni la tele, mtaa mzima unajua jioni hiyohiyo. Ninyi mnasema "kikombe" tu, hamsemi kimerundikwa au kimefutwa kwa kisu, halafu mnalaumu Wamarekani.

Jikoni 254: Huku kwetu Kenya ni gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, na muuzaji ameshaibonyeza kitako. Bora hicho kikombe.

Dada wa Mabibo: Nunueni mizani ya betri, mtapumzika.

Baba Watatu: Mizani ya nini? Mimi napima kwa kikombe cha bati cha chai, miaka yote, maji kwa macho.

Mke wa mtu humu: Kikombe chako kinaingia karibu nusu lita, ndiyo maana uji wako tunaukata kwa kisu.

Baba Watatu: Kumbe na wewe uko humu??

Mla Uji: Mama Vitafunwa, HELA.

Mama Vitafunwa: Nilirudisha zote, na nauli yao juu. Biskuti niliwamwagia kuku wa jirani. Wakazidonoa, wakaziacha, wakarudi baada ya mvua.