Siku uliyokosa hata sauti ya kuimba: watu wa Mombasa, tupeane uzoefu

Mama Pendo, Mishomoroni
Bwana asifiwe wapendwa. Jana ibadani mwongoza sifa kasema kila mtu apaze sauti amfurahie Bwana. Mimi nimesimama kama mti. Jumamosi mwenye nyumba alikuja na fundi, wakang'oa mlango wakaondoka nao, sababu kodi ya miezi miwili sijalipa. Tumelala na pazia. Hata hilo kanisa nimeenda kwa sababu jirani yangu, bibi mmoja Muislamu, aliweka kigoda pale mlangoni na kikombe chake cha chai akaniambia, "Nenda kasali, nipo hapa." Najua Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi sikuzote naye yuko kifungoni. Lakini Paulo hakuwa na watoto watatu! Nyinyi wenzangu, siku kama hiyo furaha mliitoa wapi?

Kijana wa Mikindani
Paulo hakuwa na watoto watatu. Dada umenivunja mbavu. Pole sana lakini.

Mtumishi Bamburi
Dada, kwa upendo tu, chunguza utoaji wako. Malaki 3:10. Madirisha ya mbinguni hayafunguki hivi hivi.

Bi Harusi wa Zamani
Mtu kang'olewa mlango wewe unamwambia habari za madirisha?

Mtumishi Bamburi
Neno ni Neno, sikuliandika mimi.

Dereva Mstaafu kwa Lazima
Niacheni niseme yangu. Nilikuwa naendesha trela, makontena ya bandarini kwenda Nairobi. Reli mpya ilipoanza kuyabeba, 2018, safari zikapungua mpaka tajiri akauza magari. Miezi saba nimekaa nyumbani Magongo nahesabu mabati ya dari. Mke wangu akanunua karai, akasema tuuze viazi jioni. Siku ya kwanza yeye kaenda jumuiya, kaniachia mimi. Nikakata viazi, nikachovya kwenye unga wenye rangi, nikatia kwenye mafuta. Vikatoka vizuri, vyekundu, vinang'aa. Mteja wa kwanza kauma, kakwama. Vibichi ndani kama jiwe! Watu wakarudi mmoja mmoja na vipande mikononi kudai pesa. Mke wangu anafika anakuta foleni, akafurahi, akadhani biashara imeshika. Alipojua, alikaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka mtandio ukamvuka. Na mimi nikacheka. Tangu kazi iishe tulikuwa hatujacheka nyumba ile. Sijui kama hiyo ndiyo furaha ya Bwana au ni kucheka tu. Mimi nimeihesabu.

Shangazi Kisauni
Viazi karai vinachemshwa KWANZA, baba. Kwanza!

Dereva Mstaafu kwa Lazima
Sasa najua.

Kijana wa Mikindani
Na ukwaju je, uliweka au ulisahau pia?

Mtoto wa Mtongwe
Sikutaka kuandika, lakini hapo kwa kuimba nimeguswa.

Baba yangu alikuwa kwenye feri ya Mtongwe, Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994. Wenyeji mnajua, sina haja ya kueleza sana. Watu walijaa kupita kiasi, ikapinduka hapo hapo karibu na gati, walio nchi kavu wanaona. Walikufa watu 272. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, tayari nimevaa sare ya shule. Nakumbuka kelele, halafu nakumbuka kina mama wanakimbia wote upande mmoja, leso zinaburutika.

Baba alipatikana siku ya pili. Mjomba ndiye aliyekwenda kumtambua, na alimtambua kwa soksi. Mama aliishona kisigino wiki hiyo kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, na baba alimtania kwamba sasa ana soksi za harusi.

Mama alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili. Jumapili ya tatu baada ya mazishi akavaa joho akaenda kusimama mahali pake. Nyuma yetu nilisikia mtu ananong'ona, mapema hii? Wimbo ukaanza. Namwangalia, mdomo umefunguka, hakuna kitu kinachotoka. Ubeti wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Pembeni yake alisimama mama mmoja mzee, sikio halisikii vizuri, kila mtu alijua anaimba nje ya sauti ila hakuna aliyethubutu kumwondoa. Akamshika mama kiganja, akaanza kumwimbia sehemu yake. Kwa nguvu. Na nje ya sauti kabisa, watoto tukaanza kubanana mbavu. Ubeti wa tatu mama akaingia.

Nyumbani nikamuuliza aliwezaje. Akaniambia, "Ningefanyaje? Yule mama angeuharibu wimbo wote." Akacheka huku analia, akaenda kukuna nazi.

Feri ya Mtongwe hakuipanda tena. Alizunguka Likoni kila siku ya kazi mpaka alipostaafu. Lakini kwaya hakuacha.

Shangazi Kisauni
Nimezima jiko. Siwezi kupika sasa hivi.

Wa Likoni
Mwalimu wetu mmoja alipotea siku ile. Pole ndugu yangu, hata baada ya miaka yote hii.

Mpenda Historia Nyali
Mnanikumbusha lile kaburi la huku Nyali. Yule mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao. Na bado mwaka huo alikuwa anatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Napita pale nikienda kazini, nashindwa kuelewa mtu alishikaje kalamu.

Bi Harusi wa Zamani
Mlango wa dada haujarudi, tuko 1844.

Mpenda Historia Nyali
Samahani.

Katekista wa Changamwe
Mama Pendo, Habakuki 3, mstari wa 17 na 18. Mtini hauchanui, zizini hamna ng'ombe, naye anasema atamfurahia Bwana. Imba hata kama sauti inakwama. Furaha hufuata mdomo.

Mama Mapacha
Mimi nakataa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Mwacheni dada anyamaze. Nilipopoteza mimba nilikaa kanisani kimya miezi minne, na Mungu hakunifukuza.

Katekista wa Changamwe
Sikusema afukuzwe.

Mama Mapacha
Sauti yako ndiyo iliyosema.

Kijana wa Mikindani
Na kwa chifu nenda pia. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango bila amri ya korti. Sali huku unapiga ripoti.

Jirani Mpita Njia
Mie Muislamu, nasoma tu kimya kimya. Huyo bibi wa kigoda mpelekeeni mahamri jamani.

Mtumishi Bamburi
Mama Pendo, nina mlango wa mbao uani, ulibaki tulipojenga. Una tundu la kitasa tu, kitasa hakuna. Niambie upana wa fremu.

Bi Harusi wa Zamani
Haya. Leo nimenyamaza.

Mama Pendo, Mishomoroni
Nawasoma wote, nitajibu jioni. Fremu nimepima kwa leso, imebaki shibiri moja, sijui ni futi ngapi. Maji yametoka sasa hivi, mara ya kwanza tangu Jumanne, nakimbia kukinga mitungi. Bibi wa kigoda naye kashaanza kunipigia kelele.

Shangazi Kisauni
Huku kwetu bado. Nikingie miwili, natuma mtoto.