Mafundi na wachoraji wa Mwanza, acheni kusingizia upepo. Paa halikufungwa!

Wakuu, hili jambo linauma. Mvua zikianza tu, huku ufukweni bati zinaruka, na fundi aliyezipiga anakuja kusema ni mapenzi ya Mungu. Hapana! Katazameni kenchi iliyoanguka, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Imeshikwa kwa misumari miwili ya inchi nne kwenye mbao ya juu ya ukuta, na mbao yenyewe imelazwa tu juu ya kozi (mistari) tatu za tofali zilizopangwa baada ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Tofali kozi tatu zitashika nini?

Upepo wa ziwani unalinyonya paa kwenda juu. Dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi, unaingia ndani na kulisukuma juu tena kutokea chini. Na kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne.

Kwa hiyo kufunga kunaanzia kwenye zege. Kabla ya kumwaga lenta, pindeni nondo za mm 8 chini ya nondo kuu, moja kila mita 1.2 hivi, zipande katikati ya zile kozi na kuviringishwa juu ya mbao ya ukuta. Kila kenchi ifungwe kwenye mbao hiyo kwa ukanda wa chuma, pande zote mbili. Papi, zile mbao za kupigilia bati, ziachane sentimita 90, ila pembezoni na karibu na kofia (bati la kufunika kilele cha paa) zibaneni ziwe 45, maana huko ndiko bati linaanza kufunguka. Pembezoni msumari kila mgongo, kamwe si bondeni. Na bati jembamba la geji 32 msilipeleke ufukweni: msumari unabaki kwenye papi, bati linachanika kuzunguka kichwa chake na kuondoka. Chukueni geji 28, ndiyo nene zaidi.

Wachoraji nanyi! Mnachora baraza la mita mbili na nusu chini ya bati moja na nyumba. Upepo ukilinyanyua baraza, unaondoka na paa la sebule. Baraza lipewe paa lake, chini kidogo ya lile kubwa. Nyumba ipaueni mteremko pande nne, nyuzi 25 hadi 30, bati litokeze sentimita 60 basi.

Slaidi za alumini (madirisha ya kusukuma) zinazotazama ziwa zitobolewe matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, kwa nje. Bila hayo mvua ya ubavu inajaa relini, inamwagikia chumbani.

Umbali wa mita 60 usiojengwa toka ukingo wa maji uko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda kila mtu aliona. Bado mnawachorea watu ndani ya mita 20!

Ambao lenta imeshamwagwa bila nondo, na bati hazijapigwa: bandikeni vyuma bapa ukutani kwa ndani, kimoja kila kenchi, boliti ya mm 12 itoboe lenta mpaka nje na kukazwa kwa sahani ya chuma. Fundi akidai misumari inatosha, msimlipe hela ya kupaua.