Kaka anataka kung'oa msalaba kwenye kaburi la baba, nimjibu nini?

Kijana wa Machame: Wakuu, naombeni ushauri. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri. Kaburini tulimwekea msalaba wa zege, jina lake fundi alilichora kwa msumari kabla saruji haijakauka. Sasa kaka yangu mkubwa amehamia kanisa lingine. Anasema msalaba ni sanamu, tena ni chombo walichomuulia Bwana, Krismasi tukikutana nyumbani ung'olewe. Ni mkubwa wangu, siwezi kumjibu ovyo. Nisaidieni kwa Maandiko.

Mzee wa Tanga: Pole mdogo wangu. Kwenye chombo cha kuulia usimbishie, ni kweli. Warumi waliwasulubisha watumwa na waasi hadharani, uchi, ili kila apitaye aogope. Na Torati ilishasema aliyetundikwa amelaaniwa (Kum. 21:23). Paulo aliyajua yote hayo, na bado anasema haoni fahari juu ya kitu chochote ila msalaba (Gal. 6:14), kwa sababu laana ile Kristo aliibeba kwa ajili yetu (3:13). Ndiyo maana hatuoni haya kuusimamisha juu ya wafu wetu.

Dada Mkatoliki: Sisi Ijumaa Kuu tunapanga foleni kuubusu, na tunasemwa sana. Hakuna anayeomba mbao! Nenda Mkunazini, Unguja. Kanisa kuu la Waanglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, na altare iko pale ulipokuwa mti wa kuwachapia. Nilisimama pale nikalia. Anayehubiriwa hapo naye alichapwa mijeledi.

Msomaji wa Neno: Kaka naye asikilizwe. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, lakini Hezekia alimvunja kwa kuwa watu walimfukizia uvumba (2 Fal. 18:4). Wapo wanaovaa msalaba kama hirizi. Pale kaburini kuna anayeuomba?

Kijana wa Machame: Hapana. Mama anapalilia, anaimba tenzi, anarudi nyumbani.

Msomaji wa Neno: Basi hapo sioni sanamu.

Mama Upendo: Mbona mama hajaulizwa? Aliyelala pale ni mumewe. Ketini watatu, bila mashemeji wala majirani, na mama aanze kusema. Kaka akitaka lake lisiwekewe msalaba, aandike wosia, mtauheshimu. Baba aliungama imani yake akiwa hai, hakuna wa kumbadilishia leo.

Kijana wa Machame: Asanteni sana. Nampigia mama jioni hii, kabla sijaongea na kaka.