Wadau wa soka Mtwara, Oktoba hii timu yetu imepatwa na nini?

ChikongolaDamu
Habari zenu wakuu. Nauliza huku maana kijiweni hii mada ikianza inaishia kwenye matusi. Timu yetu ya ligi ya mkoa (mnaoijua mnaijua) mwezi wa 9 ilikuwa inagawa vichapo mpaka watu wakaanza kuongelea ligi ya mabingwa wa mikoa, sasa imeingia Oktoba tumegeuka watu wa kuongoza kipindi cha kwanza halafu tunarudi majumbani kimya. Na wale wa Tandahimba tulikuwa mbele ikaisha sare, Newala ugenini tukatangulia tena, wakatupiga mbili za jioni. Hii ya juzi J2 na vijana wa Masasi ndo imenimaliza, dakika za mwisho inapigwa kona, mcheki beki wetu wa kati, kainama mikono kwenye magoti anahemea mdomo, mtu wake anapita mbele yake anapiga kichwa kwa raha zake. Hata kuruka hakuruka! Na ndo huyohuyo kipindi cha kwanza alikuwa anakaba mpaka watu wanaingia uwanjani kumtunza. Sasa hii ni pumzi, ni kocha na mfumo wake wa mabeki watatu, au kuna kingine? Mambo ya kamati ya ufundi (uchawi) msiniletee tafadhali.

Mzee wa Ligula
Mabeki watatu ndo haohao waliokupa raha Septemba, mwache kocha wa watu. Wewe angalia kalenda. Minada ya korosho imeanza, hela za stakabadhi ghalani zinasoma kwenye akaunti za wakulima, na huku kwetu hela ikisoma tu ndondo, zile mechi za mtaani za kugombea zawadi, zinaibuka kila kijiji, huyu kaweka mbuzi, yule kaweka jezi, mwingine fedha taslimu. Beki wako J'mosi alikuwa Nanyamba, kacheza mechi nzima na penati juu, nimemwona kwa macho yangu, kule wanamwita jina lingine kabisa. Kaondoka na bodaboda usiku, kesho yake saa kumi anakutana na vijana waliolala. Hiyo pumzi itoke wapi?

ChikongolaDamu
Shikamoo mzee. Daah. Na kocha anajua?

Mzee wa Ligula
Marahaba. Anajua sana ila akimweka benchi anamchezesha nani?

winga_teleza
Mi jezi ya hiyo timu nimeivaa kwahiyo nawaambia ukweli mkasirike tu. Ligi unapewa nauli na soda, tena nauli yenyewe mpaka umfuate mtu kwake. Ndondo unashikishwa hela yako kabla hujafunga kamba za viatu. Wenzetu wengine asubuhi wanatoka kuokota korosho shambani kwa mama zao ndo waje mazoezini, na hiki ndo kipindi pekee hela ipo, mwezi wa 6 kila mtu anawaza salfa ya kupulizia mikorosho hakuna wa kukupa hata mia. Mnataka wafungiwe, mtawalisha nyie?

Lindi Mjini
Visingizio. Ruangwa korosho hazipo? Namungo ya hapohapo Ruangwa wamepanda ligi kuu 2019, msimu wa kwanza tu wakashika nafasi ya nne na kucheza fainali ya FA na Simba kule Sumbawanga, 2020/21 wako makundi Kombe la Shirikisho Afrika. Nyie wa Mtwara endeleeni kuisimulia Ndanda yenu iliyoshuka 😂

winga_teleza
Namungo wanalipwa mishahara bro, unalinganisha nini na nini. Na Ndanda tutaisimulia sana tu, misimu sita ligi kuu, 2014 mpaka 2020, Simba na Yanga walikuwa wanaifuata hapa uwanja wa Nangwanda Sijaona, si mchezo.

Dada wa Shangani
Mkimaliza utani turudi kwenye mada. Mimi nakaaga nyuma ya goli kila mechi, naona vitu viwili. Kwanza kona tunakaba mtu na mtu, sasa mchovu ukimpa mtu wa kumfuata lazima aachwe, bora tukabe maeneo, kila mtu asimame sehemu yake apige unaomfuata basi. Pili sub zinachelewa mno, kocha anaanza kuita watu wakati tayari wako wanashika magoti, aingize saa ya kwanza ikifika, hata kama ni wale madogo wa yosso, angalau wana miguu. Hayo hayahitaji hela. Linalohitaji hela ni posho ya mechi, na kuchanga ni sasa hivi watu wamelipwa, mkisubiri Februari mtachanga maneno. Mashabiki tuzungumze na wachezaji watano sita wa kikosi cha kwanza, wapewe posho yao Ijumaa mkononi, J'mosi walale. Wengine waende tu ndondo, hatuwezi kuwazuia wote.

ChikongolaDamu
Dada umenena. Elfu kumi yangu ipo, ila nakupa wewe, siyo viongozi. Na wenye J'mosi yao huko Nanyamba mtutumie picha za vikosi.

Mzee wa Ligula
Nanyamba wamemaliza. J'mosi hii ndondo iko Ziwani, zawadi ng'ombe.

ChikongolaDamu
Ng'ombe?? Basi tumekwisha.